"Subiri uchungu uanze, ndiyo uje"

Leo siasa naiweka pembeni. Nimekereka, na mtaniwia radhi lugha ikiwa kali kidogo.

Dada yangu ana mimba ya tatu, wiki ya 38. Mtoto wa kwanza alikuja ndani ya saa tatu. Wa pili alimzalia kwenye bajaji, dakika 50 tangu uchungu uanze, shemeji kashika tochi ya simu, dereva anasali kwa sauti. Mtoto alikuwa salama. Dada alitokwa na damu mpaka akaongezewa chupa mbili.

Kwa sababu ya damu hiyo, zahanati ya karibu na kwake huko Mbande safari hii ilimwambia: usijifungulie hapa, nenda hospitali kubwa. Sawa kabisa. Akaenda. Na hospitali kubwa ikamwambiaje? "Subiri uchungu uanze, ndiyo uje."

Jamani! Kutoka Mbande upite Chamazi, Rangi Tatu, halafu uifuate Kilwa Road mpaka mjini ni saa nzima, na hapo uombe foleni isiwepo. Mtu anayejifungua kwa dakika 50 anasubiri nini nyumbani? Bajaji nyingine?

Uchungu unaomalizika chini ya saa tatu unajulikana vizuri na wataalamu. Aliyeupata mara moja anaweza kuupata tena, na moja ya hatari zake ni hiyohiyo ya kutokwa na damu nyingi. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kimetaja uchungu wa haraka na umbali wa hospitali kati ya sababu za kumwanzishia mama uchungu, mradi mimba imefika wiki 39.

Najua mtasema dawa za kuanzisha uchungu si pipi. Kweli. Shirika la Afya Duniani halishauri kumwanzishia mama mwenye mimba isiyo na tatizo kabla ya wiki ya 41. Mtoto akitolewa mapema mno anaweza kushindwa kupumua vizuri. Misoprostoli ikizidi dozi inaweza kupasua mfuko wa uzazi: kidonge cha kawaida kina mikrogramu 200, dozi inayoshauriwa ya kumeza ni 25. Kwa hiyo nyie mnaoelekezana vidonge vya duka la dawa, acheni. Kazi hii ni ya wodini, mkunga akiwa pembeni, umri wa mimba ukiwa umehakikishwa.

Lakini mimba ya dada siyo "isiyo na tatizo". Tatizo limeandikwa kwenye kadi yake ya kliniki! Anachodai ni daktari akae naye, ampime, kisha waamue pamoja: aanzishiwe wiki ya 39, alazwe mapema, au ahamie kwa ndugu jirani na hospitali. Lolote kati ya hayo ni mpango. Kumrudisha Mbande akasubiri ni kumwachia dereva wa bajaji kazi ya mkunga.

Jumatatu tunarudi wote wawili, kadi mkononi, na hatuondoki bila tarehe.

Na wewe msomaji uliyewahi kujifungua chapuchapu, ukienda kliniki usiishie kusema "mimi huwa nawahi". Taja saa na dakika, taja na umbali wa kwako, na uhakikishe vimeandikwa. Au mnasemaje?