Ujuaji Si Tusi

Muhula wa kwanza nilimuuliza mwalimu kwa nini mwizi huitwa pia mwivi. Kabla hajajibu, mwenzetu mmoja aliyekulia Tanga akasema nyuma yangu, "We dada, acha ujuaji." Darasa likacheka, mwalimu naye akacheka, tukaendelea na somo. Mimi wa Masaka sikuelewa kwamba nimekaripiwa mpaka jioni.

Wanaolitetea neno hili husema mjuaji ni mtu anayejifanya anajua. Huko kujifanya kumekaa wapi ndani ya neno? Shina lake ni jua. Kiambishi -aji humtaja atendaye jambo kwa mazoea: msomaji, mwimbaji, mchezaji. Sijasikia msomaji akifasiriwa kuwa mtu anayejifanya anasoma. Mjuaji ndiye aliyebebeshwa mzigo ambao sarufi haikumpa, na waliombebesha ni wasemaji.

Wala hakuanza yeye. Kitenzi iba kimezaa mwizi na mwivi, na wote wawili jela yao ni moja. Kitenzi jua nacho kimezaa mjuzi na mjuvi, lakini hawa hawakulelewa sawa. Mjuzi hupewa kiti cha mbele. Mjuvi ni mtoto asiye na adabu, anayedakia mazungumzo ya wakubwa. Kwa z unaheshimiwa, kwa v unafinywa sikio! Hata ufidhuli, uliotoka Kiarabu, huko kwao unagusa udadisi, kutaka kujua yasiyokuhusu. Kwetu udadisi umefifia, umebaki utovu wa adabu.

Sisemi kosa hili ni la Waswahili peke yao. Katika Kiganda, okwemanya, yaani kujijua, maana yake ni kujivuna. Jaja yangu alinionya kwa neno hilo kila nilipoleta matokeo mazuri ya shule, na nilimpenda hivyohivyo.

Nakubali kwamba wapo watu wa kukera: abiria anayemfundisha dereva njia nzima na yeye hajawahi kushika usukani. Huyo anajitia kujua, na maneno ya kumwambia hivyo tunayo. Lakini anayeuliza swali amekwisha kukiri mbele ya watu kwamba hajui. Ataitwaje mjuaji?

Kwetu Uganda jambo hili si la mzaha. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mpaka leo wengi wetu tunaogopa kukizungumza hata sokoni. Tukikosea tunachekwa. Tukinyamaza tunaambiwa hatukipendi. Tukiuliza, ujuaji. Sasa tujifunze kwa njia gani?

Yule wa Tanga siku hizi ni rafiki yangu, na tumebishana juu ya haya mpaka amechoka. Mwalimu, swali langu la mwizi na mwivi bado linasubiri.