Nani Kawaambia Huzuni Ni Kijivu?

Nchi ikiumia tu, wapiga picha wetu wanakimbilia kitufe kimoja. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia Bungeni, wakapigwa picha kwa simu na kamera zinazonasa rangi mpaka ya kamba za viatu. Baadaye picha zingine zikaanza kuzunguka mtandaoni zikiwa nyeusi na nyeupe. Ati hivyo ndivyo zina uzito.

Uzito gani, bana? Chukua bendera, maana siku hiyo ilikuwa mabegani pa wengi. Programu nyingi za picha bado hutumia hesabu ya enzi za televisheni: asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani, 11 ya buluu, jumlisha, hicho ndicho kijivu chako. Nyekundu ya bendera yetu ni kali na kijani chake kimekolea, lakini hesabu inakipa kijani uzito karibu maradufu, basi rangi hizo mbili zinakutana njiani. Nyekundu, ambayo shuleni tulifunzwa ni damu ya waliopigania uhuru, na kijani, ambacho ni ardhi, vinakuwa karibu kijivu kilekile. Jaribu kwa simu yako sasa hivi. Na damu iliyokuwa kwenye lami? Inageuka oili ya matatu.

Najua mtanitajia Seydou Keïta na Malick Sidibé wa Bamako. Sawa. Hao walitumia filamu iliyokuwepo, na Keïta alichagua vitambaa vya maua vya kutundika nyuma ya mteja akijua kabisa picha itatokaje. Wewe umepiga kwa rangi, ukaona haijapendeza, ukaiokoa na filta. Hayo si mamoja. (Wale wa kuacha ua la bibi harusi pekee likiwa jekundu, kesi yenu tutaisikiza siku nyingine.)

Halafu kuna ngozi. Kabla picha haijageuzwa, ukipandisha nyekundu na machungwa, uso wa Mwafrika unang'aa. Ukizishusha, uso huohuo unakuwa kama jiwe. Kwa hivyo kuna mtu amekaa mahali na chai yake akiamua huyu kijana wa Githurai atakuwa mweusi kiasi gani, kisha anatuambia picha isiyo na rangi ndiyo ya kweli.

Lakini linaloniudhi zaidi ni tarehe. Ukiitoa rangi, 2024 inafanana na Saba Saba ya 1990. Inakuwa historia, kitu cha kuwekewa maua na kusahaulika, na kuna mama bado anapanda ngazi za korti akiuliza nani alimpiga risasi mtoto wake. Wanaotaka hiyo faili ifungwe hawahitaji msaada wa filta yako.

Picha ya kwanza huenda bado iko kwenye simu yako. Itafute. Ipandishe ilivyo, na saa uliyoipiga.