Sanduku la Ami na Mnada wa Vienna

Mwezi wa Juni mwaka 2022, nyumba ya mnada ya Vienna, Austria, iliuza kamera moja kwa Yuro milioni 14.4. Nilipowasimulia wenzangu barazani, mmoja alisema hao wana wazimu, na mwingine akatupa neno "israfu". Siku ile nilinyamaza. Leo nataka kuwajibu.

Kamera yenyewe ni ndogo tu. Ni Leica namba 105, mojawapo ya zile ishirini na kitu zilizotengenezwa Wetzlar, Ujerumani, kwa majaribio kabla ya Leica kutiwa sokoni mwaka 1925. Basi mwaka 2018, namba 122 ya jamii hiyo hiyo iliuzwa kwa Yuro milioni 2.4. Karakana moja, umri mmoja. Ni kitu gani kilichoizidishia mwenziwe bei mara sita? Juu ya namba 105 pamechorwa jina la Oskar Barnack, fundi aliyeibuni Leica, naye ndiye aliyeitumia. Tena mwaka 2010, huko Vienna, sanduku la mbao lililotengenezwa na Giroux wa Paris mwaka 1839 lilipata Yuro 732,000. Hilo nalo lina kibati chenye sahihi ya Daguerre.

Juu ya israfu simtetei mtu; fedha hizo zingechimba visima vingi. Lakini mnunuzi yule alijua anunuacho: jina, na ushahidi wa jina hilo. Sisi twauza vitu vyetu bila ya kimoja wala cha pili.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpiga picha wa barabarani hapa Mombasa. Alikuwa na sanduku lake la mbao, miguu mitatu na kitambaa cheusi. Picha aliisafisha mle mle ndani, mkono mmoja akiupapasisha gizani kwenye vikombe vya dawa. Kwanza ilitoka picha iliyogeuka, cheusi kikawa cheupe. Kisha akaipiga picha hiyo yenyewe, ndipo uso wa mtu ukarudi kuwa uso. Wangapi walisafiri kwenda Hija kwa picha za sanduku lile!

Alipofariki, sisi warithi tuligawana nyumba na vyombo. Sanduku hakuna aliyelitaka. Tulimpa mnunuzi wa vitu vikuukuu kwa shilingi mia mbili, pamoja na daftari ambamo ami aliandika jina la kila mteja na tarehe. Sisemi lingefika Vienna. Masanduku ya namna ile yalichongwa na maseremala, hayana hata namba. Linaloniuma ni daftari. Leo katika nyumba zetu zimejaa picha za wazee wasiojulikana ni nani, na majina yao tuliyauza sisi wenyewe, tena kama nyongeza.

Kwa hivyo, wewe uliyerithi kamera ya studio ya zamani, dalali akikubishia hodi, mwambie angoje. Andika kwanza ilikuwa ya nani, alifanyia kazi mtaa gani, miaka gani, na daftari usilitenge na kamera yake.

Mimi nimebakiwa na picha nne zenye mwandiko wa ami nyuma, kwa penseli. Tatu wenyewe nimekwisha kuwajua. Ya nne ni mzee wa koti na kofia ya vito, ameshika bakora, na nyuma yake pameandikwa: "Deni shilingi 1."