Dakika Nane Zinatosha
Katika mashindano ya wanafunzi ya Science Olympiad huko Marekani, kanuni za ndege ndogo zinazoendeshwa na mpira uliosokotwa kwa kawaida huipa timu dakika 8 na miruko miwili. Wapo wanaolalamika kwamba saa humwadhibu fundi mwangalifu. Sikubaliani nao: mruko ulioanza kabla ya muda kwisha huachwa mpaka ndege ifike sakafuni, kwa hiyo kinachobanwa ni maandalizi. Tena timu ina watu wawili; ndege ikiwa bado inazunguka juu, mmoja aweza kusokota mpira wa pili. Anayeanza kutafuta kilainishi cha mpira dakika ya 6 hakuonewa na mtu. Hoja nzito kidogo ni ya ndege kunasa kwenye boriti za ukumbi, ila dawa yake ni ndege ya akiba, si kuongeza dakika.