Mtafiti Asiye Profesa Hajashindwa

Mtu ana shahada ya uzamivu ya epidemiolojia, amekaa miaka mingi kwenye utafiti mmoja wa chuo kikuu, hafundishi darasani wala hasimamii idara. Ndugu zake humuuliza uprofesa utakuja lini. Wahadhiri wenzake humwita mtu wa mradi. Utawala humpa mkataba wa mwaka mmoja, kisha mwingine wa mwaka mmoja. Wote hao, bila kukaa kikao, wameafikiana kwamba huyu ni profesa aliyekwama njiani.

Imani hiyo ni potofu. Ingekuwa inaumiza hisia za watu tu, nisingeiandikia makala. Inaharibu sayansi yenyewe, na zaidi sayansi hii ya magonjwa katika jamii, ambayo majibu yake huja polepole.

Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha Uingereza utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Hill alikuwa profesa. Doll hakuwa profesa. Alikuwa daktari aliyeajiriwa katika kitengo cha takwimu cha Baraza la Utafiti wa Tiba, akilipwa ili atafiti. Mwaka uliofuata wawili hao waliwaandikia barua madaktari wa nchi nzima kuwauliza kuhusu uvutaji wao, wakaanza kuwafuatilia. Uprofesa wa Oxford ulimfikia Doll mwaka 1969, ilhali kazi iliyompa jina ilishajulikana duniani. Matokeo ya miaka 50 ya kuwafuatilia madaktari hao yalitoka mwaka 2004, Doll akiwa bado mmoja wa waandishi, na umri wake ni miaka 91: mvutaji asiyeacha hupoteza takribani miaka 10 ya uhai, na anayeacha akiwa na miaka 30 huepuka karibu hasara yote.

Swali moja lilihitaji miaka 50. Ruzuku nyingi za utafiti hudumu mitatu hadi mitano. Mtu wa kuivusha kazi kutoka ruzuku hii hadi ile lazima awepo, na mara nyingi si profesa, maana profesa ana vipindi, ana vikao, ana wanafunzi wa kusimamia na maombi ya fedha ya kuandika.

Hapa kwetu tunazo tafiti za namna hiyo. Watu wa Masaka, Uganda, wamefuatiliwa tangu 1989. Wa Kisesa, jirani na jiji la Mwanza, tangu 1994. Wa Kilifi, pwani ya Kenya, tangu 2000. Asiyewahi kuzifungua hifadhidata za namna hii hudhani kinachofanyika humo ni kunakili madodoso. Hebu mfikirie msichana aliyeandikishwa kwa jina la baba yake. Anaolewa kijiji cha tatu, anazaa, na mdadisi anayepita baadaye anamwandika Mama Neema. Ni mtu mmoja au wawili? Ukikosea, umemfuta aliye hai au umemwongeza asiyekuwepo, na kiwango cha vifo cha wilaya kinabadilika mikononi mwako. Wazee wasiojua mwaka waliozaliwa hukadiriwa umri, na ghafla kijiji kinajaa watu wa miaka 60, 65 na 70, huku wa miaka 63 hawaonekani. Maabara inanunua mashine mpya ya kupima sukari, na mwaka huohuo kisukari kinaonekana kupanda. Katika dodoso la zamani tarakimu 99 ilimaanisha “hajui”. Mwanafunzi mgeni anaichukua kama umri na kuijumlisha kwenye wastani.

Kila uamuzi hapo ni wa kisayansi. Hauwezi kufanywa na mtu aliyefika mwezi uliopita, hata awe na akili kiasi gani, kwa sababu nusu ya maarifa hayo haijaandikwa popote. Yamo kichwani mwa yule aliyekuwepo mashine ilipobadilishwa. Mkataba wake ukiisha na akaondoka, data zinabaki, lakini anayejua maana yake hayupo.

Anayeona kazi hii ni ndogo akumbuke England ya mwaka 2020. Kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 wa korona hawakuingia katika hesabu ya kila siku, kwa sababu taarifa zao zilipitishwa katika faili la muundo wa kizamani lisiloweza kubeba safu zote. Waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa, na ugonjwa ukaendelea kusambaa.

Wapo wanaosema mkataba mfupi huwachangamsha watu, na ajira ya kudumu huwalaza. Hoja hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Mtafiti ambaye mkataba wake unafanywa upya kwa saini ya profesa atamwambiaje profesa huyohuyo kwamba matokeo anayotaka kuyachapisha yana kasoro? Ana ada za watoto, ana kodi ya nyumba. Atanyamaza. Na katika epidemiolojia kimya cha aina hiyo hufika hadi kwenye sahani ya mgonjwa. Jaribio kubwa la Hispania kuhusu chakula cha Mediterania na magonjwa ya moyo, lililohusisha watu zaidi ya 7,400, lilichapishwa mwaka 2013 na kusifiwa kila pembe. Mwaka 2018 waandishi wenyewe waliliondoa na kulichapisha upya kwa madai ya tahadhari zaidi. Ilionekana kwamba katika kituo kimoja zahanati nzima zilipangiwa chakula cha aina moja, badala ya kila mtu kupangiwa kwa bahati nasibu, na kwingine watu wa nyumba moja waliwekwa pamoja. Shaka iliyoanzisha uchunguzi huo ilitoka nje: daktari wa nusukaputi wa Uingereza, John Carlisle, alikuwa akizipima tarakimu za majaribio yaliyokwisha kuchapishwa. Sidai kwamba huko Hispania kuna mtu aliyenyamazishwa. Ninachodai ni kwamba kosa kama hilo linapaswa kukamatwa ndani, na mtu aliye karibu na data, asiyeogopa kufukuzwa kwa kulisema.

Kuhusu fedha, haikubaliki kwamba hakuna njia. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilianzisha ruzuku maalumu, iliyoanza kutolewa mwaka 2016, kwa wanasayansi wasioongoza maabara zao wenyewe, ili nafasi zao ziwe imara zaidi. Sisi tunaweza kuanza na hatua ndogo kuliko hiyo. Vyuo hukata sehemu ya kila ruzuku kwa ajili ya uendeshaji. Sehemu ya makato hayo iwekwe kwenye mfuko wa mishahara ya kuwashikilia watafiti katika miezi ya katikati, ruzuku moja inapokwisha na nyingine haijafika. Kanuni za kupandisha vyeo zimhesabie mtafiti hifadhidata aliyoitunza na kosa alilolizuia, si makala alizotangulizwa jina peke yake. Na mkataba wake usainiwe na chuo, si na mtu ambaye mtafiti huyo ana wajibu wa kumpinga.