Nani Anayeshika Mizani ya Soka?

Mvuvi asiyejua kusoma mizani huuza samaki wake kwa bei ya mnunuzi. Ukweli huo hudhihirika katika ufuo wa Usenge, ambako mbuta hupimwa na wachuuzi huku mwenye jasho lake akitazama tu. Jumamosi moja jioni nikiwa mjini humo, niliuona ukweli uo huo mahali pengine: ndani ya kibanda cha video.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati, chenye runinga moja na king'amuzi kimoja. Nilihesabu watazamaji 64, wengi wao wanafunzi, pamoja na wavuvi wa omena waliokuwa wamezuiwa na mbalamwezi kwenda ziwani. Kila mmoja alikuwa amelipa kiingilio ili aone klabu mbili za Uingereza zikimenyana. Nikajiuliza: katika daftari za wakuu wa televisheni, watu hawa ni wangapi? Kwa kampuni inayopokea ada ya king'amuzi kile, wote 64 ni mteja mmoja.

Huenda msomaji akaona kwamba hili ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Kituo cha televisheni huishi kwa mambo mawili: ada za wateja na fedha za wenye kutangaza bidhaa zao. Yote mawili hutegemea idadi ya macho yanayotazama. Idadi hiyo ndiyo mizani, nayo mizani ndiyo huamua thamani ya haki za kutangaza michezo. Katika nchi tajiri, mitambo maalumu huwekwa katika nyumba zilizoteuliwa ili kunakili kinachotazamwa. Hapa kwetu, watafiti aghalabu hutegemea mahojiano na ujumbe wa simu. Njia hizo zina manufaa yake, lakini ni rahisi kukisahau kibanda kwa anayewazia familia iliyoketi sebuleni.

Tazama jinsi mizani ilivyowafaa Waingereza. Ligi yao Kuu ilipoanza mwaka 1992, haki za kuitangaza nchini mwao ziliuzwa kwa paundi milioni 304 kwa miaka mitano. Mwaka 2015 ziliuzwa kwa paundi bilioni 5.136 kwa misimu mitatu tu. Kwa kila msimu, thamani iliongezeka takriban mara 28. Mchezo ulibaki wa dakika 90. Kilichobadilika ni kwamba makampuni mawili makubwa yalikuwa yakiwagombea watazamaji wale wale.

Nasi je? SuperSport, iliyokuwa ikionyesha ligi yetu kwa miaka mingi, ilijiondoa mwaka 2017 kufuatia mzozo wa kuongeza timu kutoka 16 hadi 18. Mwaka 2023 Azam TV ilitia saini mkataba wa miaka saba, ambao thamani yake ilitajwa kuwa takriban dola milioni 9. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeahidi ligi ya Tanzania, mwaka 2021, shilingi za huko bilioni 225.6 kwa miaka kumi, yaani karibu dola milioni 100. Jirani yetu hakutushinda kwa utajiri. Alitushinda kwa utulivu, na kwa mashabiki wa Simba na Yanga ambao mnunuzi hana shaka nao.

Wapo watakaosema kwamba soka letu halina watazamaji kwa kuwa ni duni. Nakubali kwamba lina dosari. Hata hivyo, mwezi wa Agosti 2025, Harambee Stars walipofika robo fainali ya CHAN na kutolewa na Madagaska kwa penalti, Kasarani ilifurika. Tena Gor Mahia walipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, waliokuwa na televisheni katika ufuo wa ziwa walikuwa wachache mno, lakini furaha ilifika kila kijiji kwa redio. Mapenzi yapo. Yanakosa kupimwa tu.

Matokeo yake ni mduara mbaya. Mchezo usioonekana haupati wadhamini. Usio na wadhamini hauwalipi wachezaji. Usiowalipa hudhoofika, na kijana wa Usenge hupeleka senti zake kutukuza mitaa ya London.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, wanaopima watazamaji wavihesabu vibanda waziwazi. Pili, wasimamizi wa soka waheshimu mikataba, kwani hakuna mnunuzi anayerudi kwa muuzaji kigeugeu. Tatu, mechi za timu ya taifa zilindwe kisheria zionekane bila malipo. Uingereza yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1996, ilihifadhi mashindano makubwa, fainali za Kombe la Dunia yakiwemo, ili yasifungiwe nyuma ya ada.

Nanyi walimu, hapa pana somo la hisabati lisilohitaji kitabu. Watumeni wanafunzi wenu wahesabu watazamaji katika vibanda vya mtaani, wachore majedwali, watafute wastani, kisha wajadili nani hufaidika. Kizazi kitakachojua kusoma mizani hakitakubali kupunjwa ufuoni wala kibandani.