Nani Amekuambia Giaboksi Imekufa?

Kuna sentensi moja inaogopwa na kila mtu mwenye gari la zamani la otomatiki hapa Nairobi: "Bosi, hii giaboksi imekufa."

Inasemwa haraka sana. Fundi ameendesha gari mita hamsini, amesikia likiruka kidogo, ameshuka, ameshika kiuno na kutingisha kichwa. Hajaangalia oili. Hajachomeka skana. Hajauliza hata swali moja. Lakini hukumu imeshatoka, na adhabu ni ile ile kila siku: "Tafuta eks-Japani. Kuna jamaa yangu Kirinyaga Road atakupea bei poa."

Wasee, tuache kubembelezana. Huo si ufundi, hiyo ni ramli. Tofauti tu ni kwamba mganga wa ramli havai ovaroli.

Na wanaoumia ni sisi. Gari la kwanza la mtu wa umri wetu si jipya kutoka shoruumu. Ni NZE ya 2004, ama Vitz, ama Demio iliyopitia mikono ya watu watatu kabla yako. Wengine wamechukua kwa mkopo waendeshe teksi za apu. Gari likilala gereji wiki mbili, mkopo haulali. Nyumba inadai, stima inadai, na wewe uko kwa benchi la gereji unanunua chai ya fundi ambaye anakisia. Kijana anaweza kumaliza akiba ya mwaka mzima kwa giaboksi, kumbe shida ilikuwa waya umelegea.

Tuanze na hili: si kila gari linaloruka lina shida ya giaboksi.

Maunti za injini zikichoka, ukiingiza D ama rivasi utasikia "ndu!" chini ya miguu. Ni injini inaruka, haina kitu cha kuishikilia vizuri. Kuangalia ni rahisi: fungua boneti, handbreki juu, mguu kwa breki, ingiza D kisha R, na mwenzako asimame kando, si mbele, aangalie injini. Ikiruka kama mbuzi, anza na maunti.

Plagi ama koili ikichoka, injini inakosa nguvu na gari linatetemeka ukipanda mlima. Ukiwa ndani utaapa ni giaboksi inateleza. Lakini giaboksi inayoteleza ina alama yake: mshale wa RPM unapanda, injini inalia, na gari haliongezi kasi. Kama RPM haipandi na gari linatetemeka tu, kagua injini kwanza. Hapo shida yako inaweza kuwa plagi, kitu kinabadilishwa kabla chai ipoe.

Gari limekataa kutoka P? Mwambie mtu asimame nyuma aangalie taa za breki ukikanyaga. Kama haziwaki, kuna uwezekano swichi ya breki imekufa ama fyuzi imeungua, na ndiyo maana kufuli ya gia haifunguki. Gari halipandi gia ya mwisho kwa hiwei? Angalia dashibodi. Kwa Toyota nyingi za zamani kuna kitufe cha O/D kwa mkono wa gia. Kikifinywa, taa ya O/D OFF inawaka na gari linabaki kwa gia ya tatu. Mtu aliguza akitafuta simu. Lakini taa hiyo ikipepesa yenyewe, hapo gari linakuambia kompyuta imeona hitilafu. Kuwaka na kupepesa si kitu kimoja, na fundi asiyejua hiyo tofauti asikuguzie giaboksi.

Twende kwa oili, kwa sababu hapa ndipo uvivu unaonekana waziwazi.

Giaboksi ya otomatiki inaendeshwa na presha ya oili. Pampu inasukuma oili, valvu bodi inaigawa, solenoidi zinafungua na kufunga njia, na klachi ndogo ndogo zinabana gia inayohitajika. Oili ikipungua, presha inashuka, klachi zinateleza, zinaungua. Kwa hivyo kitu cha kwanza, kabla ya neno lolote la msiba, ni kupima oili. Na hata kupima kuna njia yake. Kwa Toyota zenye kijiti, unapima gari likiwa limepata moto, injini inanguruma, baada ya kupitisha gia kwenye nafasi zote na kurudi P. Kwa Honda za otomatiki ya kawaida, unazima injini iliyopata moto ndiyo upime. Ukipima Honda kama Toyota utapata jibu la uongo. Magari mengine hayana kijiti kabisa, oili inapimwa kwa chini kupitia bolti, kwa joto maalum. Fundi akikuambia "haina kijiti, haipimwi," huyo hajui gari hilo.

Kisha rangi na harufu. Oili nyingi za otomatiki ni nyekundu zikiwa mpya. Ikigeuka hudhurungi, imezeeka. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kimeungua, klachi zimeumia. Ikiwa ya waridi na nzito kama maziwa ya stroberi, kuna maji ndani, na mara nyingi yametoka kwa redieta, kwa sababu magari mengi hupoza oili ya giaboksi ndani ya redieta hiyo hiyo ya injini. Nissan Pathfinder za 2005 hadi 2010 zilijulikana Marekani kwa ugonjwa huo. Sasa fikiria: unafunga giaboksi nyingine na redieta ni ile ile inayovuja. Umenunua mgonjwa mwingine na kumlaza kitanda cha marehemu.

Ingine ni skana. Kuna kale ka-mashine kadogo ka bluututhi kila mtu anako siku hizi. Kazuri, lakini mara nyingi kanasoma kompyuta ya injini peke yake. Fundi anachomeka, hakuna kitu, anasema "unaona, kompyuta haioni shida, ni giaboksi yenyewe." Hapana bana. Tafuta skana inayoingia kwa kompyuta ya giaboksi. Na ikitoa kodi (si ile ya KRA), isomwe kwa akili. P0700 inasema tu kwamba mfumo wa giaboksi umeona shida, haisemi ni gani. P0715 inaongelea senso ya kasi ya kuingia kwa giaboksi. P0750 inaongelea solenoidi ya kubadilisha gia. Hizo mbili zinaweza kuwa waya, plagi ya umeme iliyoingia maji, ama kipande kimoja kinachobadilishwa bila kushusha giaboksi. Na gari likiona hitilafu ya namna hiyo, linaweza kujifungia kwa gia moja ili lisijiumize zaidi. Ndiyo hiyo unasikia "limekataa kubadilisha gia." Halijafa. Linajilinda.

Bado mtu hajafika mwisho. Kuna kupima muda: kwa vitabu vya mafundi vya Toyota nyingi, kutoka N hadi D gari linatakiwa kushika chini ya sekunde 1.2, na N hadi R chini ya sekunde 1.5. Linachelewa sana? Hiyo ni presha ama klachi, na kuna geji ya kupima presha. Kuna kushusha sampu na kuangalia sumaku zilizo ndani. Unga laini wa kijivu kwa sumaku ni kawaida, giaboksi yoyote iliyofanya kazi inao. Vipande vya chuma na makapi meusi ya klachi, hapo sasa tunaweza kuongea mambo ya mazishi.

Ndiyo, giaboksi hufa. Sikatai. Oili imeungua, sampu imejaa vyuma, presha iko chini, rivasi haishiki kabisa: hiyo imekwisha, tafuta nyingine ama ifunguliwe ijengwe upya. Lakini hiyo ndiyo maana ya kupima. Kifo kinathibitishwa, hakitangazwi kwa kuangalia sura.

Na hiyo eks-Japani mnayoikimbilia? Imetolewa kwa gari ambalo hujawahi kuliona. Hujui lilitembea kilomita ngapi. Hujui kama liligongwa ama lilikaa kwa mafuriko. Afadhali ingekuwa inafungwa baada ya kuhakikisha inalingana, lakini hata hapo watu wanarusha tu. Fielder za 2006 hadi 2012 za injini ya 1.5 zinafanana nje, lakini zile za magurudumu mawili nyingi ni CVT na zile za magurudumu manne zina gia nne za kawaida. Ndani ni dunia mbili. CVT haina gia za ngazi; ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza. Ukimwagia CVT oili nyekundu ya otomatiki ya kawaida "kwa sababu zote ni ATF," umeiua kwa mkono wako. Nissan wana NS-2 na NS-3 zao, Honda wana zao, Toyota wana zao. Kuna sababu majina ni tofauti.

Hapo tuguse ule uvumi mkubwa: "Ukibadilisha oili ya giaboksi, giaboksi inakufa." Mimi naona umeua magari mengi kuliko mashimo ya barabara. Mtu anakaa na oili moja miaka kumi, gari linaanza kuteleza, ndipo anakumbuka kubadilisha. Kesho yake gari halisongi, na oili mpya inapewa lawama. Wakati huo klachi zilikuwa zimeshaisha. Oili mpya haikuua mtu, ilikuta mgonjwa mahututi. Badilisha mapema, kidogo kidogo, maana ukifungua bolti ya chini unatoa sehemu tu ya oili. Nyingine inabaki kwa torki konveta. Na oili ikivuja, usingoje. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu unauzwa kwa bei ya giaboksi.

Najua mafundi watakuja na jibu moja, na lina ukweli ndani yake: "Wateja hawalipi kupimiwa gari. Ukitumia saa tatu kutafuta shida na iwe ni waya, anataka kukupea mia tano na ahsante." Ni kweli, na ni aibu yetu. Tunalipa daktari kutuangalia hata akisema hatuna malaria, lakini fundi akikupata na waya uliolegea unaona amekuibia. Hapo ndipo tumeunda hii tabia. Kama anayepima vizuri analipwa mia tano na anayebadilisha giaboksi anakula kazi nono pamoja na asante ya muuzaji wa spea, tunategemea nini? Wengine tunaficha dalili pia, ati fundi asijue gari liliwahi kuchemka. Mficha uchi hazai.

Lakini kosa la mteja halimpi fundi leseni ya kukisia kwa pesa za mtu mwingine. Kama kazi ya kupima ni ya bei, itaje bei. Sema "kupima ni kiasi hiki, iwe nimepata kubwa ama kidogo." Mteja akikataa, aende. Kumpeleka mtu kununua chuma cha kilo nyingi bila kujua ya kwake inaumwa wapi si huruma kwa mteja bahili. Ni kumla.

Na sheria tunayo. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Inaongelea makadirio ya gharama kabla ya kazi, ruhusa ya mwenye gari, na kurudishiwa spea zilizotolewa. Wengi wetu hatujawahi kuomba hata kimoja. Tunaacha gari, tunaacha funguo, tunapigiwa simu jioni kuambiwa "tuma kitu ya giaboksi," na tunatuma.

Kwa hivyo kuanzia leo, ukisikia ile sentensi, usilie na usitume pesa. Uliza maswali matano. Oili ilikuwa kiasi gani na rangi gani? Skana ya giaboksi ilitoa kodi zipi? Maunti na plagi ziliangaliwa? Sampu ilikuwa na nini kwa sumaku? Na unaweza kuniandikia hayo yote? Omba picha ya oili na ya sampu, simu ziko. Fundi anayejua kazi yake hatakasirika. Atafurahi kupata mtu wa kuongea naye. Anayekasirika, amekujibu.

Kisha ulipe kupimwa. Lipa vizuri, hata shida ikiwa waya wa shilingi hamsini. Huo waya mtu aliutafuta kwa akili, na akili ndiyo unanunua.